Hawakuniuliza cheti: Jinsi rilei za Tor zinavyojijengea jina, siku baada ya siku

Umewahi kuulizwa cheti mahali ambapo unajua kabisa kazi unaiweza? Mimi nimeulizwa hadi nimezoea. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma kabisa, na tangu siku hiyo kila mlango ninaobisha swali la kwanza ni lilelile: "Uko na karatasi gani?" Nikisema sina, mazungumzo yanaishia hapo. Asante, tutakupigia. Simu haiji.

Sasa wacha nikuambie kuhusu mahali pamoja ambapo hakuna aliyeniuliza. Hawakutaka jina langu, KRA PIN, cheti cha tabia njema wala barua ya chifu. Walitaka kitu kimoja tu: niwepo. Halafu wakaanza kunipima, usiku na mchana, kuona kama kweli nipo.

Mahali penyewe ni Tor, mtandao wa kuficha nyendo za mtu kwenye intaneti. Mimi na rafiki yangu tuliendesha mojawapo ya kompyuta zinazoubeba. Hatukulipwa hata shilingi. Lakini nilichojifunza pale kuhusu uaminifu sijawahi kufundishwa darasani, na nadhani kitakufaa hata kama hutawahi kugusa seva maishani.

Bahasha tatu

Tuanze na misingi. Ukitumia intaneti kawaida, kampuni inayokuuzia bundles inaweza kuona unatembelea tovuti gani, na tovuti nayo inaona umetoka wapi. Ukitumia Tor, ombi lako linapitia kompyuta 3 kabla ya kufika. Kila moja inaitwa rilei, na jina linafaa: ni kama mbio za kupokezana vijiti, na sisi Wakenya hizo tunazielewa.

Fikiria umeweka barua ndani ya bahasha 3, moja ndani ya nyingine. Rilei ya kwanza inafungua bahasha ya nje na kuona tu jina la rilei ya pili. Ya pili inafungua yake na kuona jina la ya tatu. Ya tatu ndiyo inayofikisha barua. Kwa hivyo wa kwanza anakujua wewe ila hajui unaenda wapi. Wa mwisho anajua barua inaenda wapi ila hakujui wewe. Wa katikati hajui mwanzo wala mwisho.

Wazo hili lilianzia kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani katika miaka ya 1990. Tor yenyewe ilianza kufanya kazi mwaka 2002, na shirika lisilo la faida linaloisimamia, Tor Project, likaundwa 2006. Lakini rilei si mali ya shirika hilo. Ni maelfu ya kompyuta zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, vyuo na vikundi vidogo duniani, wengi wakiwa Ujerumani. Afrika tuko wachache mno.

Unauliza inakuhusu nini? Novemba 2023, watoto wakifanya KCSE, Telegram ilikatika kwa Wakenya wengi. Novemba 2024 ikakatika tena. Januari 2021 Uganda ilifunga mitandao ya kijamii siku chache kabla ya uchaguzi, kisha ikazima intaneti yote. Mei 2025 X ilifungwa Tanzania. Intaneti ikizimwa kabisa, Tor haisaidii kitu. Lakini ikiwa ni tovuti au apu fulani tu iliyofungwa, Tor ni mojawapo ya njia za kupita. Mwanahabari anayelinda chanzo chake anaihitaji. Pia msichana anayetaka kusoma kuhusu afya yake kwenye Wi-Fi ya nyumbani bila mtu kumchungulia.

Ndiyo, wahalifu nao wanaitumia. Barabara ya Thika inapitisha ambulensi, na inapitisha pia mwizi anayekimbia.

Mgeni kwenye chama

Sasa hapa ndipo kuna mtihani. Kama mtu yeyote anaweza kuwasha rilei, utajuaje ipi ya kuamini? Mmoja atawasha leo na kuzima kesho. Mwingine atadanganya kwamba ana kasi kubwa. Wa tatu ni mpelelezi. Hakuna anayeonyesha kitambulisho, maana huu ni mtandao wa watu wasiotaka kujulikana.

Mama yangu amekuwa kwenye chama tangu nikiwa mtoto, na angelijibu hilo swali kabla maji ya chai hayajachemka. Mgeni akiingia kwenye merry-go-round, huwezi kumpa pesa za kwanza. Anachanga, anachanga, mnamwangalia. Akikosa mkutano, inaandikwa. Zamu yake inakuja mkiwa mmemjua. Hustler Fund nayo ndivyo ilivyoanza mwaka 2022: unaanzia shilingi 500, na kiwango kinapanda ukilipa.

Tor inafanya vivyo hivyo. Kuna seva 9 maalumu, zinazoendeshwa na watu wanaojulikana na kuaminika kwenye jamii ya Tor. Zichukulie kama makarani 9 wa chama. Kila karani anachunguza rilei zote peke yake na kuandika maoni yake. Kila saa, makarani hao wanapiga kura, na wengi wakikubaliana wanatoa orodha moja yenye sahihi zao: rilei gani zipo, na kila moja imepewa beji gani. Tor Browser kwenye simu au laptop yako inaifuata orodha hiyo kuchagua njia.

Kura ya wengi ina maana kubwa. Karani mmoja akinunuliwa, au seva yake ikivamiwa, hawezi peke yake kumpandisha rafiki yake wala kumfukuza adui.

Beji zenyewe

Beji ya chini kabisa inaitwa Running. Maana yake ni kwamba karani ameweza kukufikia ndani ya dakika 45 zilizopita. Upo, basi.

Halafu kuna Fast. Hii si ngumu: unahitaji kasi ya kilobaiti 100 kwa sekunde, au tu usiwe kwenye ile sehemu moja ya nane ya chini kabisa.

Stable ndiyo inaanza kukupima tabia. Makarani wanahesabu kwa wastani unakaa muda gani bila kuanguka. Ukifikisha siku 7, unaipata. Pia unaipata ukiwa hauko chini ya rilei ya katikati, ukizipanga zote kwa mstari. Hii inawafaa watu wanaofanya kazi ya kuunganishwa kwa muda mrefu, ambao rilei ikizima katikati wanaanza upya.

Ukikaa saa 96 bila kuzima, na tayari uko na Fast na Stable, unapewa kazi ya kutunza sehemu ya saraka inayosaidia watu kupata tovuti za .onion, zile zilizo ndani ya Tor yenyewe. Beji hiyo ni HSDir.

Na juu ya hizo zote, ile ambayo mimi na rafiki yangu tuliisubiri kama matokeo ya KCSE, ni Guard, yaani mlinzi. Mlinzi ndiye wa kwanza kwenye ile njia ya rilei 3. Ndiye anayemwona mtumiaji uso kwa uso. Kwa hivyo masharti yanakaza. Lazima uwe imara na mwenye kasi, ujulikane kwa takriban siku 8 au zaidi, uwe na kasi ya megabaiti 2 kwa sekunde au uwe kwenye robo ya juu, na uwe umepatikana kwa asilimia 98 ya muda au angalau kama rilei ya katikati.

Kuna beji ya aibu pia, BadExit. Rilei ya mwisho ikishikwa inachezea data za watu inapewa hiyo, na programu zinaacha kuitumia kutokea.

Siku za kwanza ni za njaa

Tulikodi seva ndogo ng'ambo, dola chache kwa mwezi, tukichanga nusu kwa nusu. Tuliiwasha Jumamosi usiku na kukaa macho kungoja dunia ipite kwetu. Haikupita. Ilikuwa kama kufungua kibanda cha smokie kwenye barabara isiyo na watu. Rafiki yangu akasema, "Buda, hii kitu imekufa."

Haikuwa imekufa. Mwaka 2013 Roger Dingledine, mmoja wa waanzilishi wa Tor, alieleza maisha ya rilei mpya kwa hatua 4. Siku 3 za kwanza hujapimwa, na mpaka wapimaji 3 wafike kwako unahesabiwa kama mwenye kasi ya kilobaiti 20 kwa sekunde, hata kama seva yako ni roketi. Kati ya siku ya 3 na ya 8 unapimwa na kazi inaanza kuongezeka. Siku ya 8 hivi unaweza kupata Guard.

Na hapo kuna maajabu. Ukipata Guard, kazi inapungua! Programu zinadhani sasa uko bize na ulinzi, kwa hivyo zinapunguza kukuweka katikati. Lakini bado hakuna watu wengi waliokuchagua kuwa mlinzi wao, kwa sababu kila mtu anakaa na wake kwa muda mrefu. Dingledine aliweka hatua hiyo ya ukame kati ya siku ya 8 na ya 68, na baada ya hapo ndipo rilei inakuwa imetulia. Siku hizi watumiaji wanashikilia mlinzi mmoja kwa miezi kadhaa, kwa hivyo usiizungushie siku ya 68 kwenye kalenda kama siku ya mshahara.

Mimi hapo nilicheka peke yangu. Unapandishwa cheo halafu mfuko unakauka. Kila mtu aliyewahi kuanza biashara mtaani anajua hicho kipindi.

Usijisifu, utapimwa

Zamani rilei ilikuwa ikitangaza kasi yake yenyewe na kuaminiwa. Unaweza kukisia kilichotokea. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba mtu mwenye kompyuta dhaifu anaweza kudanganya kuhusu kasi na kuda wake wa kuwa hewani, akavuta watu wengi kupita kwake, na hapo akapata nafasi ya kuwapeleleza.

Leo kuna wapimaji wa kasi wanaopitisha faili kwenye rilei yako na kuangalia wenyewe inachukua muda gani. Unaweza kuandika unachotaka kwenye CV yako, lakini uzito unaopewa kwenye orodha unatokana na vipimo vyao. Natamani waajiri wangefanya hivyo. Nipe kazi ya siku moja unipime, kisha uniulize cheti.

Siku 3 tulizopotea

Sasa nikupe aibu yetu. Mwezi wa nne wa kuendesha rilei, bili ya seva ilifika. Mimi nilidhani rafiki yangu amelipa. Yeye alidhani nimelipa mimi. Kampuni ikatuma barua pepe, tena ikatuma ya pili, na hakuna aliyesoma. Seva ikazimwa. Tulikuja kugundua baada ya siku 3, tukalipa, tukawasha, na beji ya Guard haikuwepo.

Tulilaumiana vibaya sana. Yeye aliniambia neno ambalo liliniuma: "Wewe huwa hivyo, unaanza vitu huvimalizi." Alikuwa anazungumzia seva, lakini nilisikia chuo ndani yake.

Usiku huo nilikaa kusoma makarani wanavyohesabu. Kila baada ya saa 12, uzito wa historia yako yote ya nyuma unapunguzwa kwa asilimia 5. Mema yako ya zamani yanafifia polepole, na mabaya yako pia. Nikapiga hesabu. Rilei ambayo haijawahi kuzima, ikipotea siku 3, rekodi yake inashuka kutoka asilimia 100 hadi karibu 74. Kurudi asilimia 98 kunachukua takriban siku 25 za kukaa bila kuzima hata mara moja.

Siku 3 za uzembe, siku 25 za kutubu. Bei ni kali, lakini iangalie vizuri: ina mwisho. Makarani hawana kinyongo. Hawahifadhi kosa lako la miaka 5 iliyopita ili wakutupie usoni. Ukirudi na ukakaa, historia inaandikwa upya juu ya ile ya zamani.

Tuliweka malipo yajilipe yenyewe, na simu zetu zote mbili zikapigiwa kelele seva ikizima. Karibu mwezi mmoja baadaye, Guard ikarudi. Rafiki yangu alinitumia picha ya skrini bila neno lolote. Nilielewa.

Kuwepo si kuwa mwema

Nisikudanganye lakini. Mfumo huu una shimo, na lazima ulijue.

Tarehe 30 Januari 2014, kundi la rilei lilianza kujiunga na Tor. Zilikuwa na kasi, hazikuzima ovyo, zikasubiri muda wake. Zikapata beji za Guard na HSDir kama mtu mwingine yeyote. Zilipoondolewa tarehe 4 Julai mwaka huohuo, zilihesabiwa 115, zikiwa na takriban asilimia 6.4 ya uwezo wote wa walinzi. Zilikuwa zinajaribu kuwafichua watu waliokuwa wakitumia tovuti za .onion. Kwa miezi 5, adui alikuwa mwanachama mzuri wa chama.

Beji inakuambia rilei itakuwepo kesho. Haikuambii nia ya mwenyewe. Mtu anaweza kuchanga kila wiki bila kukosa, akingoja siku moja tu.

Linganisha na Desemba mwaka huohuo, rilei takriban 3,000 zilipojitokeza kwa mkupuo. Kwa sababu zilikuwa mpya na hazijapimwa, hata kwa wingi ule hazikufikisha asilimia 1 ya uwezo wa mtandao, na zikaondolewa. Ule muda wa njaa niliokuwa nikiulalamikia ndio uliowalinda watu. Mwizi mwenye haraka unamkwamisha. Mwizi mvumilivu ndiye anahitaji macho ya binadamu.

Ndiyo maana Tor haitegemei beji peke yake. Wanaojitolea wanapitia orodha kutafuta rilei zinazofanana kupita kiasi. Anayeendesha rilei kadhaa anatakiwa kutangaza kwamba ni za familia moja, ili mtumiaji asipitishwe kwa mtu yuleyule mara mbili. Programu nayo haichagui rilei mbili zenye anwani za IP zinazokaribiana kwenye njia moja. Na zile bahasha 3 bado zipo: hata ukikosea kumwamini mmoja, yeye peke yake hajui yote.

Ukitaka kujaribu

Usikimbilie kuwasha rilei kwenye keja. Stima yetu unaijua. Pia intaneti nyingi za simu zinawafanya wateja kibao washiriki anwani moja ya IP ya nje, na rilei inahitaji anwani yake inayofikika. Tor inataka kasi ya angalau megabiti 10 kwa sekunde kwenda na kurudi, na uwezo wa kupitisha gigabaiti 100 kila upande kwa mwezi. Kwa bundles, hapana.

Ukikodi seva, uliza kwanza kama kampuni inaruhusu. Anza kama rilei ya kati. Usiwahi kuwa rilei ya mwisho ukitumia intaneti ya nyumbani, kwa sababu mtu akifanya uhalifu kupitia hapo, anwani itakayoonekana ni yako. Na hifadhi nakala ya funguo za rilei yako mahali salama. Ukizipoteza unaonekana mgeni kabisa, hata kama umekuwepo miaka 3. Ni kama kupoteza laini isiyoweza kurudishwa.

Huna pesa ya seva? Kuna Snowflake, kiongezi cha kivinjari kinachofanya laptop yako isaidie watu waliofungiwa kuingia Tor. Inafanya kazi hata kwenye anwani ya kushiriki, na ukizima laptop ukalale, hakuna anayekunyang'anya beji. Hapo ni pazuri pa kuanzia.

Mimi kazi bado natafuta, na karatasi bado sina. Lakini rilei yetu ingali hewani ninapoandika haya, na bili ya mwezi huu imelipwa. Nimeangalia asubuhi. Rafiki yangu naye alikuwa ameangalia kabla yangu.